Nyimbo za Verlin kwenye Rafu za Gaylen

Kaka yangu Verlin Haugstad ndiye mtu wa kwanza ninayemfahamu aliyemwonea mwenzake wivu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa nacho nyumbani. Nimeishi Duluth, kaskazini mwa Marekani, maisha yangu yote, nimepika kwenye jiko la shule mpaka nikastaafu, na wivu nimeuona wa kila aina: wa waume, wa wake, wa wazee wa kanisa wanaogombania nani atashika birika la kahawa Jumapili. Ila wivu wa Verlin sikuwa nimeuona kabla, na ndiyo maana nausimulia.

Verlin alikuwa dereva wa gari la jiji la kukwangua theluji. Mji wetu umekaa kwenye mlima unaoteremka mpaka ziwani, na barabara zake zikiganda hazina huruma na mtu. Anayezikwangua anatakiwa awe na moyo mtulivu, na Verlin alikuwa nao. Maneno machache, ugomvi hana, anakula anachopewa. Kitu kimoja tu kilimtoa kwenye utulivu wake, nacho ni mtu kugusa sidii zake, zile sahani za muziki.

Zilijaa ukuta mzima wa chumba cha nyuma, kwenye rafu alizozipiga randa mwenyewe. Alizipanga kwa jinsi alivyozinunua, ya zamani juu, ya juzi chini, kwa hiyo hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuchomoa moja akairudisha mahali pake. Akitoa sidii kwenye kasha lake aliishika pembeni kwa ncha za vidole. Wewe ukiishika vibaya, anakwambia, "Umeigusa usoni," kwa sauti ya mtu ambaye umemchapa mwanawe.

Kila Alhamisi tulikwenda kwake kusikiliza: mimi, jirani yake Gaylen Rautio, na watu wawili watatu wa kanisani. Verlin alichagua, Verlin aliweka, sisi tulinyamaza. Mkewe, wifi yangu Marlys, alikaa jikoni. Zamani aliwahi kukaa nasi, akauliza jambo katikati ya wimbo, na Verlin akausimamisha akaanza upya tangu mwanzo bila kusema neno. Marlys akaenda kuangalia keki kwenye tanuri. Hakurudi, na simlaumu.

Kisha mama yake Marlys akaanguka, akavunjika nyonga, ikaonekana hawezi tena kuishi peke yake.

"Mama anakuja kukaa hapa," Marlys akasema.

"Akaribie tu. Atalala wapi?"

"Chumba cha nyuma."

"Na sidii zangu?"

"Nazo unataka zilale na mama?"

Basi Verlin akanunua kisanduku cha kompyuta cha kuhifadhia vitu, hakizidi kipande cha sabuni, na majira yote ya baridi yale akawa anarudi kazini, anavua buti, anakaa mbele ya kompyuta kulisha sidii moja baada ya nyingine. Ikimezwa, ikanakiliwa na kutemwa, anaifuta kwa kitambaa, anaifunga, anachukua nyingine. Mpaka theluji inayeyuka, ukuta mzima ulikuwa umeingia ndani ya kile kisanduku.

Mwezi wa tano akazitoa sidii zote kwenye maboksi, akazipanga kwenye banda la gari, milango wazi, watu wa mtaani waje kununua kama wanavyonunua baiskeli za watoto na sufuria za bibi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kukunja nikiuza vikombe vya marehemu mama yetu. Gaylen alifika kahawa haijachemka. Huyu Gaylen alikuwa fundi wa treni zinazobeba mawe ya chuma mpaka bandarini, mstaafu, mikono mikubwa, nyumba ya tatu kutoka kwa Verlin. Mkewe alikwenda Arizona kutafuta joto, akalipata, akabaki nalo. Gaylen akasimama mbele ya maboksi, mikono mfukoni.

"Zote?"

"Zote," Verlin akasema.

"Na deki ya kuzipigia? Na spika?"

"Nazo."

"Nitazichukua."

"Unachukua zipi?"

"Si umesema zote?"

Nilimwona kaka yangu akibadilika rangi. Alitegemea wageni, watu wa kutoka mbali, kila mmoja achukue moja mbili apotelee nazo. Hakutegemea jirani. Lakini hundi ilishaandikwa, na Marlys alishaipokea akaiweka mfukoni mwa aproni.

Gaylen akainama kunyanyua boksi la kwanza, halafu akasimama tena. "Ila Verlin, nyimbo zenyewe umejiwekea?"

"Ziko kwenye kisanduku."

"Zote?"

"Zote. Nilizilipia kwa jasho langu, Gaylen. Ninachokuuzia ni sidii."

Gaylen akakuna kidevu kwa muda. "Sawa," akasema, akabeba boksi lake.

Marlys alikuwa amesikia. "Kwa hiyo kuku umemuuza," akamwambia mumewe, "na mayai utaendelea kuokota?"

"Nani kaibiwa hapo, Marlys? Hebu niambie. Gaylen ana sidii zake, mimi nina nyimbo zangu. Nani analia?"

"Hakuna anayelia. Bado."

Mimi nikiulizwa nasema wazi: kitu ukishauza kimekwenda. Ukimuuzia mtu koti, hubaki na joto lake. Nilimwambia Verlin hivyo, akanijibu kwamba nyimbo zile anazo kichwani pia, neno kwa neno, kwani nazo azifute? Lakini nilijua kuna tofauti, na niliona kwenye uso wake kwamba na yeye anajua.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda kwa Gaylen, chumba cha chini, karibu na boila la kupasha nyumba joto. Tungekwenda wapi kwingine? Ndiko deki iliko. Verlin alikuja mwisho, akakaa kwenye kiti cha mgeni, kile kifupi ambacho magoti yanakaribia masikio. Akazungusha macho, akaguna kama mtu aliyekanyaga msumari. Gaylen alikuwa amezipanga sidii zote kwa rangi. Nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, na nyeupe zote kule mwisho kama meno.

"Zinapendeza, eeh?" Gaylen akasema.

"Zinapendeza," Verlin akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesifu jeneza.

Na siyo rangi tu. Gaylen alisema, "Chagueni wenyewe, msiniulize." Watu wakachomoa, wakafungua, vile vijitabu vya ndani vikapita mkono kwa mkono pamoja na sahani ya keki za karanga. Watu waliongea wimbo ukiendelea. Walicheka. Mmoja alicheza kidogo na ufagio. Verlin alikaa akitazama vidole vya watu, kimoja kimoja.

Kahawa ilipoletwa Gaylen akaja kwake. "Kahawa?" "Hapana, nisikusumbue." "Kidogo." "Aa, niko sawa." "Imeshamiminwa." "Haya basi, kidogo." Kwetu ndivyo ilivyo: kitu unakataa mara mbili, mara ya tatu unapokea. Anayepokea mara ya kwanza ataonekana ana njaa, na mwenye nyumba asiyefika mara ya tatu ataitwa mchoyo. Hakuna aliyetufundisha. Tunazaliwa nayo kama pua.

Marlys alifika Alhamisi ya pili, na bakuli la viazi vya tanuri na nyama ya kusaga. "Nafikisha tu hili, narudi," akasema. Gaylen akamvutia kiti. "Kaa shemeji, kwani unakimbilia wapi?" Akakataa, akakataa, akakaa. Alhamisi ya tatu alikuja bila bakuli.

Hapo ndipo wivu ulipomshika kaka yangu shingoni. Ulianza na sidii, ukahamia kwa mke. Alhamisi asubuhi alikuwa anakaa kwenye kompyuta kupiga nyimbo alizohisi zitapigwa jioni, ili akifika kule awe amezisikia kwanza. Nilimkuta hivyo siku moja.

"Unafanya nini, kaka?"

"Nasikiliza."

"Si utazisikia jioni?"

"Jioni nitasikia za Gaylen."

"Ni zile zile, Verlin!"

"Ndiyo hivyo!" akasema, na akapiga meza, yeye ambaye hapigi meza. "Zile zile! Nyimbo zangu zile zile! Sasa niambie, ana nini yule ambacho mimi sina? Marlys kaishi nazo ukuta kwa ukuta tangu tuoane hakuwahi kukaa nami hata saa moja. Leo anavaa sweta la bluu. Umeliona lile sweta? Analivaa Pasaka!"

Nilikuwa nimeliona. Lilimpendeza.

Akajaribu kumvuta mkewe nyumbani. Akampigia nyimbo kwenye kompyuta wakati anakunja nguo, spika mbili ndogo kama vikombe vya mayai. Marlys akasikiliza, akasema, "Mbona inaimba kama imefungiwa kwenye kopo?" Akaendelea kukunja nguo. Verlin akazima, akatoka nje kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza iliposhika, Gaylen akasema, "Shemeji, leo zamu yako kuchagua."

Marlys akainuka. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, upande wa kijivu, akachomoa sidii ya kundi la vijana wa ng'ambo ya daraja, watu waliopiga muziki kwenye kumbi za hapa miaka ya nyuma wakatoa sidii hiyo moja wakasambaa. Akaiweka mwenyewe, kidole gumba katikati ya uso wa sidii. Nilimsikia Verlin akivuta pumzi. Wimbo wa kwanza ulipotaka tu kuanza, Marlys akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, akakishikilia.

"Unaiharibu," Verlin akasema. "Uko mwanzoni hapo. Hakuna nyuma."

"Subiri."

Namba kwenye deki zikaanza kurudi, zikapita sifuri, zikaendelea kurudi. Marlys akaachia. Kikasikika kiti kinalia, mtu akakohoa, halafu gitaa moja na mwanamke. Hakuwa na sauti kubwa. Aliimba kama mtu anayeosha vyombo, akiiuliza barabara kama imemwona mtu wake, kama alikuwa amevaa glavu, kama taa za gari lake zilikuwa zinawaka zote mbili. Ulikuwa wimbo mfupi. Ulipokwisha, wimbo wa kwanza, ule tuliouzoea sote, ukaanza.

"Huo ni wimbo gani?" Verlin akauliza.

"Uko kabla ya wa kwanza," Marlys akasema. "Waliuficha."

"Wewe umeujuaje?"

"Nilikuwa nausikiliza ukiwa barabarani."

"Barabarani lini?"

"Theluji ikianguka, wakikuita kazini. Nikishindwa kutulia. Siku moja nilibonyeza vibaya nikaukuta."

"Kwenye sidii zangu?"

"Nilikuwa nairudisha mahali pake, Verlin. Hukuwahi kujua, sivyo?"

"Ulikuwa unaigusa."

"Mungu wangu," nikasema mimi, maana sikuweza kujizuia. "Mwanamke anakwambia hivyo, wewe jibu lako ndilo hilo?"

"Ardis, hayakuhusu." Akamgeukia mkewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeuliza nani kaigusa. Kama unavyouliza sasa."

"Na Gaylen? Gaylen alikuwa anaujua?"

Gaylen alikuwa anatazama boila lake kama linaungua. Marlys akasema, "Aliniuliza ninaopenda ni upi. Wewe hukuniuliza hata siku moja."

Watu wote wakawa wameona kitu cha maana ndani ya vikombe vyao vya kahawa. Gaylen, kwa kutaka kupoza mambo, akatoa ile sidii akaifunga kwenye kasha lake, akamnyooshea Verlin.

"Ichukue hii, bwana."

"Hapana, ni yako."

"Chukua. Moja tu."

"Aa, umeilipia."

Tukangoja mara ya tatu. Sote tuliiona inakuja, mdomo wa Gaylen ulishafunguka, na mkono wa Verlin ulishaanza kuinuka kutoka kwenye goti. Ndipo Marlys akasema, "Mwache, Gaylen. Anao nyumbani kwenye kisanduku. Au siyo, Verlin? Si unazo zote?"

Ningekuwa mimi ningesema sijui. Lakini kaka yangu aliwatazama watu wale, akamtazama Gaylen na sidii yake mkononi. "Ninao," akasema. "Ninazo zote."

Sidii ikarudi kwenye rafu, upande wa kijivu.

Nilirudi nao kuchukua bakuli langu. Verlin hakuvua hata koti, alikwenda kwenye kompyuta. Akaitafuta ile sidii, akaikuta, akabonyeza wimbo wa kwanza. Akarudisha nyuma. Hakuna nyuma. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Kompyuta hunakili kuanzia namba ya kwanza, kilicholala kabla ya hapo haikijui, na Verlin alilisha sidii zile majira mazima ya baridi bila kujua kuna kitu kinabaki nje.

"Haupo," akasema.

Marlys alikuwa amesimama mlangoni anavua skafu. Hakucheka. "Kwa hiyo huo ndio kitu pekee ulichomuuzia Gaylen kwa kweli," akasema, akaenda kumgeuza mama yake kitandani.

Baada ya hapo Verlin aliacha kuja Alhamisi. Alisema kazi nyingi. Ni kweli theluji ilianguka kama imelipwa, lakini siyo iliyomzuia. Angeweza kwenda kwa Gaylen akasema, naomba ule wimbo. Hakuweza. Angeomba vipi kitu alichosema mbele za watu kwamba anacho? Akawa anabaki na mama mkwe wake, ambaye hasikii vizuri, na Marlys anakwenda na sweta lake la bluu. Akirudi Verlin anamuuliza, "Mmepiga nini?" naye anamtajia. Swali lenyewe hasa hakuliuliza: mmepiga ule?

Kisha akafanya jambo la kitoto. Gari la kukwangua likipita, theluji humwagika pembeni, na dereva asipoangalia inabaki kama ukuta kwenye mdomo wa njia ya gari ya kila nyumba. Madereva wengine hawajali. Verlin alikuwa anajali siku zote, alikuwa anageuza kidogo lile bamba la mbele linalosukuma theluji anapopita nyumba ya mtu, na watu wa mtaa wake walimpikia biskuti za Krismasi kwa ajili hiyo. Majira yale aligeuza bamba kwa kila nyumba isipokuwa moja. Kila theluji ikianguka, Gaylen aliamka akakuta ukuta wa kumfika kiunoni, mgumu kama saruji, mbele ya gari lake. Na kila mara alichukua beleshi akauvunja bila kusema kitu.

Nilimbana kaka yangu. "Kwa nini nyumba moja tu?"

"Theluji huangukia inapotaka."

"Verlin, mimi ni dada yako. Usinifanye mjinga."

"Basi mwambie ahamie Arizona."

Halafu ikaja tufani ya Februari, iliyofunga hata shule. Asubuhi Marlys akanipigia simu: "Lete beleshi, njoo kwa Gaylen, mgongo wake umekataa." Nikaenda. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko yote iliyotangulia. Gaylen alikuwa amesimama ameshika kiuno, anatuamuru tuache, na sisi hatumsikilizi. Marlys alikuwa anachimba kwa hasira, kofia imemwangukia machoni, na sweta la bluu linachungulia chini ya koti.

Ndipo gari likaja likiteremka mlima, taa za njano zinazunguka. Likapunguza mwendo, likasimama. Verlin alikuwa juu kule kwenye kiti chake, akimtazama mkewe akibeba kwa beleshi theluji aliyoimwaga yeye. Nilidhani ataondoka. Akafungua mlango, akashuka.

"Nipe hilo beleshi, Marlys."

"Una la kwako," Marlys akasema, akaonyesha lile bamba la gari, akaendelea kuchimba.

Gaylen akasema, "Verlin, sema unachotaka. Tumekuwa jirani muda mrefu mno kwa mambo haya."

Kaka yangu akatazama buti zake. Theluji ilikuwa inamwangukia masharubu. "Nataka ule wimbo."

"Unataka kuunakili, au unataka sidii?"

"Kuunakili tu. Nitakurudishia jioni."

"Hapana," Gaylen akasema.

Sijawahi kumsikia Gaylen akisema hapana kavu namna ile, bila asante, bila samahani. Verlin akainua kichwa.

"Ukitaka kuichukua, nitakupa, ni yako," Gaylen akasema. "Ukitaka kuinakili nakataa. Unajua kukaa kwenye kile chumba ni kitu gani? Naweka sidii, natazama uso wako, naona umeshaisikia asubuhi. Kila wimbo nikiugusa nakuta umeshaufikia. Nimelipa, nimebeba, nimepanga, na bado ni zako. Sijasema kitu kwa sababu nilisema sawa siku ile. Lakini nina wivu, Verlin. Haya, nimesema. Nakuonea wivu mpaka nakosa raha, na zimejaa ukutani kwangu!"

Marlys aliacha kuchimba. Mimi nilitaka kucheka, nikatazama nyuso zao nikaacha. Wazee wawili wamesimama kwenye theluji, kila mmoja anamwonea mwenzake wivu kwa nyimbo zile zile.

Verlin alichukua beleshi langu, akauvunja ule ukuta wote peke yake, huku gari la jiji linanguruma katikati ya barabara na watu wanapiga honi nyuma. Alipomaliza akapanda akaenda zake.

Mchana tulikuwa jikoni kwa Gaylen tunakunywa supu, Gaylen amelala chali kwenye benchi na mto chini ya mgongo, Verlin akabisha hodi. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja kupitia nyumbani. Akatoa kile kisanduku kwenye koti, waya umekizunguka, akakiweka mezani kati ya bakuli.

"Chukua," akasema.

"Aa, hapana," Gaylen akasema. "Kwa nini, bwana?"

"Chukua, Gaylen. Zimo zote."

"Hapana, hapana. Uliteseka nacho majira mazima."

Kijiko changu kilikuwa njiani. Sasa kwetu, mtu aliyetoa kitu kwa adabu tu, bila moyo, huishia hapo: amekitoa mara mbili, kimekataliwa mara mbili, anakirudisha mfukoni na hakuna wa kumlaumu. Verlin alikitazama kile kisanduku. Kulikuwa na maisha yake mle, tangu kijana, nyimbo alizozinunua kabla hajamjua Marlys. Angekichukua tu akaenda nyumbani. Mkono wake uliinuka, ukakaribia waya, nami nikajisemea, basi, kimekwisha.

Akakisukuma kwa kidole mpaka upande wa Gaylen. "Chukua," akasema mara ya tatu.

"Haya basi," Gaylen akasema polepole. Kisha akaongeza, "Shemeji, kanichukulie ile ya kijivu."

Marlys akashuka chini akaileta. Gaylen akamnyooshea Verlin bila kuinuka. "Ichukue."

Na Verlin Haugstad, mtoto wa mama yangu, akaipokea mara ya kwanza.

Nyumbani kwao hakukuwa na deki tena, iliuzwa pamoja na vyote. Iliyobaki ilikuwa ile ya kwenye pikapu ya Verlin. Tukabanana kiti cha mbele sisi watatu, mimi dirishani, Marlys katikati, injini inawaka ili tusigande. Marlys akaifungua sidii, akaishika kwa kidole gumba katikati ya uso. Verlin aliona. Nami niliona kwamba ameona. Akatazama kioo cha mbele.

Marlys akaiweka, akashikilia kitufe, namba zikapita sifuri. Kiti kikalia, mtu akakohoa, yule mwanamke akaanza kuiuliza barabara kuhusu glavu na taa. Verlin alisikiliza mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, kama anaendesha. Ulipokwisha akauliza, bila kugeuka, "Umeusikiliza na Gaylen mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Rudisha."

Marlys akarudisha. Tukausikiliza mara ya pili. "Rudisha," akasema, tukausikiliza mara ya tatu, na sasa mkono wake mmoja haukuwa kwenye usukani.

"Haya, wewe na Gaylen mmekuwa sawa," nikasema. "Tatu kwa tatu. Twendeni ndani, miguu yangu imekufa."

"Rudisha," Verlin akasema.

Marlys akanitazama kidogo tu, akaweka kidole kwenye kitufe. Nikafungua mlango nikashuka, maana ile mara ya nne haikuwa ya kusikilizwa na dada. Nilisimama kwenye theluji nikiwaona kupitia kioo kinachopata ukungu, wifi yangu na sweta lake la bluu na kaka yangu aliyemwegemea. Marlys tumejuana tangu wasichana, na sikuwahi kumwonea wivu kwa kitu chochote, si nyumba, si mume, mpaka pale.